Elfu Sita Kasoro Ukweli

Sikuwa na cheti cha ukutubi. Sikuwa na shahada, wala stashahada, wala hata ile karatasi yenye maua pembeni wanayopewa watu waliohudhuria semina ya siku tatu. Sikuwa na jina mlangoni. Sikuwa na kompyuta, sikuwa na msaidizi, na kiti changu kilikuwa na miguu mitatu na tofali. Katika orodha ya watumishi wa shule nilikuwa wa mwisho, chini ya mlinzi wa zamu ya pili, na mbele ya jina langu paliandikwa "mhudumu", neno linaloweza kuwa na maana ya mtu anayefagia, anayebeba maji, au anayetumwa kumwita mwingine.

Kusoma ni jambo jingine. Niliingia shule ile kama mfagiaji, nikiwa na darasa la nne tu. Yaliyobaki niliyamaliza katika madarasa ya jioni ya watu wazima, nimekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu, na nyumbani nina mke na watoto wawili. Nilipokabidhiwa funguo za maktaba niliambiwa nifute vumbi. Nilifuta, na kila kitabu nilichokifuta nilikisoma, kizuri na kibaya. Kwa hiyo siku nilipokaidi, sikukaidi kwa ujinga. Nilijua vizuri nilichokuwa nakikataa.

Wanafunzi waliniita Babu Muhuri. Nyuma ya kila kitabu, ndani ya jalada, kulikuwa na kijikaratasi chenye mistari. Mwanafunzi akiazima, nagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha. Ukitaka kujua kitabu kinapendwa kiasi gani humuulizi mtu. Unafungua nyuma na kuhesabu mihuri. Wakaguzi wa Ofisi ya Elimu walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Walivuta vitabu vichache huku na huku, wakafungua nyuma, wakaandika.

Miaka kumi na minne kabla ya haya ninayoyasimulia, mkuu wa shule wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu na sitamsema sana, aliingia maktabani siku mbili kabla ya ukaguzi. Alivuta kitabu, akafungua nyuma, kijikaratasi cheupe pe. Akavuta cha pili, hivyo hivyo. Akaniambia kwa upole kwamba vitabu vyangu vimelala, na ingefaa niviamshe. Sikuuliza maana yake. Nilirudisha nyuma tarehe za muhuri, mwezi huu, mwezi ule, mwaka jana, nikagonga siku mbili mpaka kiganja kikaota lengelenge. Wakaguzi wakaja, wakafungua, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ripoti ikasema maktaba yetu inasomwa kuliko zote walizozitembelea. Nikaandikiwa barua ya pongezi, na mke wangu akaitundika sebuleni juu ya redio.

Tangu hapo, kila ukaguzi ukikaribia, tuliamsha vitabu. Ikawa kazi kama nyingine, kama kupaka chokaa yale mawe ya bustani mgeni akitarajiwa. Hakuna aliyeona aibu. Mimi nilijivunia kwamba mihuri yangu ilikuwa imenyooka.

Nilipobakiza mwaka mmoja kustaafu, ikaja barua ya Ofisi ya Elimu kwa shule zote. Kila maktaba ichambuliwe. Vitabu ambavyo havijaazimwa kwa miaka mitano viondolewe, vilivyopitwa na wakati viondolewe, na idadi ya vilivyobaki iandikwe na kupelekwa kabla ya ukaguzi. Shule itakayobaki na vitabu kumi kwa kila mwanafunzi ingefikiriwa kupewa madarasa ya juu. Sisi tulikuwa na wanafunzi mia sita. Daftari langu la vitabu lilisema elfu sita mia moja na arobaini.

Mkuu wa sasa, mama mmoja mwenye hatua fupi na akili ndefu, aliniita ofisini akanisomea barua ile mara mbili. Aliniambia tunaweza kupoteza vitabu mia moja na arobaini na hata kimoja zaidi hapana. Kisha akasema jambo nililolisubiri miaka ishirini na sita: hili likipita salama, ataandika nithibitishwe kuwa mkutubi. Si mhudumu. Mkutubi. Kibao kitawekwa mlangoni, na nitastaafu nacho.

Nilirudi maktabani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Nilianza kazi siku hiyo hiyo, nikifuata barua neno kwa neno. Nilifungua nyuma, nikaangalia mihuri. Chenye mihuri kilibaki, kisicho na mihuri, kama si kipya cha mwaka huu, kiliingia kwenye sanduku. Baada ya siku nne nilikuwa nimepitia rafu zote na sandukuni mlikuwa na vitabu thelathini na kimoja. Mlinzi wa geti, mtu wa maneno mengi, alipita akachungulia, akauliza kama hao ndio wagonjwa wote katika hospitali nzima. Nikamjibu kwamba maktaba yangu ina afya njema.

Siku ya tano, saa za alasiri, binti yangu alikuja nyumbani moja kwa moja kutoka zahanati. Yeye ni muuguzi. Hakuvua hata sare, na alikataa maji aliyopewa na mama yake.

"Baba, kuna kitabu pale kwako kinasema mtu akiungua apakwe mafuta ya kupikia?"

Nilimwambia vitabu vya afya ni vingi, viko rafu ya nne, sivikumbuki vyote.

"Hiki utakikumbuka. Aliyekisoma yuko kwangu kitandani."

Alikuwa msichana wa kidato cha pili. Maji ya moto yalimmwagikia mkononi Jumamosi, wakubwa hawapo. Akakumbuka kitabu alichokuwa ameazima, akafuata kila hatua: akajipaka mafuta, akafunga kitambaa kwa nguvu kama kwenye picha, na kwa kuwa kitabu kilisema usifungue mpaka siku ya tano, hakufungua. Mama yake alipotaka kuona, alimzuia, akamwonyesha ukurasa. Siku ya tano nyumba nzima ilinuka. Binti yangu alisema kitu pekee alichohitaji mtoto yule saa ile ya kwanza kilikuwa maji safi ya baridi, yatiririke juu ya mkono kwa muda mrefu, basi. Mkono hautakatwa. Alama itabaki, na vidole viwili huenda visinyooke sawasawa.

Asubuhi nilikwenda rafu ya nne kabla sijafungua madirisha. Kitabu hakikuwepo, bila shaka, kilikuwa kwao. Nikaomba ruhusa nikaenda zahanati.

Msichana alikuwa ameketi, mkono umefungwa mpaka kiwikoni, na kitabu kimelala kando ya mto. Nilikichukua nikafungua nyuma. Mihuri kumi na moja. Wa mwisho ni wake. Kumi iliyotangulia niliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake: imenyooka, wino ule ule, imegongwa siku moja. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukiazima kabla yake.

Nilimuuliza kwa nini alichagua hiki, wakati pale pale rafuni kuna vipya viwili.

"Hivyo vingine havikuwa na mihuri, babu. Hiki kilikuwa nayo mingi. Nikajua kitakuwa kizuri."

Hakulaumu. Alinijibu kama anavyojibu swali darasani, tena alifurahi kwamba anajua jibu. Nikamwambia kitabu nitakirudisha mimi. Akaniuliza kama atatozwa faini kwa kuchelewa.

Nimewahi kufiwa, nimewahi kufukuzwa nyumba ya kupanga na mvua inanyesha. Sijui safari iliyokuwa ndefu kama ile ya kutoka zahanati mpaka shuleni.

Nilipofika nilimwaga lile sanduku la vitabu thelathini na kimoja mezani na kuvitazama kwa macho mengine. Humo mlikuwa na kitabu cha kutengeneza baiskeli, ambacho sikuwahi kumwazimisha mtu kwa sababu kilikuwa kimoja tu; wavulana walikisoma wamesimama, wakipokezana, mpaka kurasa zimelegea kama kitambaa cha zamani. Mlikuwa na kamusi kubwa. Mlikuwa na kitabu cha kukata na kushona ambacho wasichana walinakili michoro yake kwa penseli. Vyote havikuwa na muhuri hata mmoja, kwa kuwa havikuwa vya kutoka nje, na siku za kuamsha vitabu sikuona haja ya kuviamsha. Vilikuwa macho tayari. Nami nilikuwa nimeviweka vya kutupwa. Vilivyo hai nilivipeleka kaburini, na maiti nikaziacha zimekaa rafuni zimevaa tai.

Nikaanza upya. Safari hii sikufungua nyuma. Niliangalia ubavu wa kurasa. Kitabu kinachosomwa hubadilika rangi pale vidole vinapopita, na ukikitazama vizuri kinakwambia mpaka wasomaji walifika wapi. Kipo kilichokuwa cheusi mpaka ukurasa wa ishirini, halafu cheupe hadi mwisho: hicho kiliwashinda, kigumu mno au kinachosha. Kipo cheusi katikati tu: humo mna jambo moja wanalolitaka, tafuta kingine kinachoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Vipo ambavyo kurasa zake bado zilikuwa zimegandana tangu kiwandani.

Kila kitabu nilikiuliza maswali matatu. Je, unachosema ni kweli hadi leo? Je, mtoto wa hapa anaweza kukusoma? Je, yupo anayekuhitaji? Asiyejibu mawili aliondoka. Asiyejibu la kwanza aliondoka hata kama alikuwa na jalada la dhahabu.

Niliyoyakuta nayasema bila kuongeza chumvi. Kitabu cha simu cha mji wa mbali sana, cha mwaka ambao mimi bado nilikuwa na nywele. Nakala arobaini za mwongozo wa aina fulani ya mashine ya kupiga chapa, ambayo shule haijawahi kuwa nayo. Sheria za kodi za nchi isiyo yetu, juzuu sita. Atlasi zenye mipaka ambayo hata walioichora walishaifuta. Kitabu cha sayansi kinachosema huenda siku moja binadamu akafika mwezini. Kitabu cha maarifa ya nyumbani kinachowaonya wasichana kwamba kusoma sana hudhoofisha damu. Hicho nilimsomea mke wangu. Alisema sasa ameelewa kwa nini mimi, niliyesoma jioni zote zile, sina hata damu ya kuua mende.

Vingi vilikuwa vya msaada. Vililetwa kwa maboksi, tukapiga picha navyo, tukaviandika kwenye daftari ili idadi ipande. Hakuna aliyeuliza vinasema nini. Tuliona haya kumwambia mtoaji kwamba ametuletea takataka zake, na tukaona afadhali kuwalisha watoto.

Kwa vitabu nisivyovijua niliomba msaada. Mwalimu wa jiografia alipitia ramani. Binti yangu alikuja alasiri tatu, akaketi sakafuni na sare yake, akapitia vitabu vya afya tisini na vinne. Alibakiza kumi na viwili. Tulikuwa hatujakaa pamoja hivyo tangu nilipokuwa namsahihishia hesabu, na safari hii yeye ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.

Nilikuwa na daftari jingine pia, ambalo hakuna aliyewahi kuniagiza kulitunza. Kila mtoto alipoomba kitabu nikakosa, niliandika alichoomba. Yalikuwamo maombi mia tatu na kumi na moja. Namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Kompyuta inafanyaje kazi ndani. Damu ya mwezi, aliyeandika aliniachia karatasi mezani akakimbia. Nyota. Mashairi yasiyo ya mtihani. Mtoto mmoja aliomba kitabu cha kutibu kigugumizi. Yeye pia aliomba kwa kuandika. Nilikaa na daftari lile nikagundua kwamba maktaba ya kweli ya shule yetu ilikuwa humo, na iliyokuwa rafuni ni hesabu tu.

Nilipomaliza nilihesabu mara tatu. Vilibaki elfu mbili mia mbili themanini na nane. Vilivyokufa vilikuwa sakafuni, vimepangwa kwa mafungu hadi kiunoni.

Mkuu alinikuta katikati ya mafungu hayo siku ya Alhamisi. Alisimama mlangoni akitazama rafu, nyingine tupu kabisa, mwanga ukipita upande wa pili.

"Mzee, nini hiki?"

"Ni maktaba, Mwalimu. Ndiyo saizi yake."

Aliketi kwenye kiti changu, akasahau habari ya tofali, akayumba, akashika meza. Sikucheka, naye hakunishukuru. Nilimweleza yote tangu mwanzo: kuamsha vitabu, msichana, mihuri kumi. Alisikiliza. Si mwanamke mbaya, na lazima niseme aliyoyasema yeye pia, maana yalikuwa na uzito. Alisema mwaka jana watoto arobaini na saba walifaulu kuendelea, na waliopata shule ni kumi na tisa, kwa kuwa madarasa ya juu yako mbali na wazazi wanaogopa kupeleka mabinti huko. Waliobaki anakutana nao sokoni. Wanainamisha vichwa. Alisema anataka madarasa hayo kuliko anavyotaka pumzi, na kinachosimama kati yake na madarasa hayo ni namba moja kwenye karatasi.

"Virudishe," akasema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Wakishaondoka wakaguzi, tupa vyote, nitakushikia mlango mwenyewe."

"Kombe hili nimelifunika miaka kumi na minne, Mwalimu. Kila mwaka naambiwa wakishaondoka. Hawajaisha kuondoka."

"Na watoto wangu waende wapi?"

"Hayo madarasa ya juu yatasoma nini? Kitabu cha simu?"

 Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya ofisini. Aliniuliza mihuri ile ni ya mkono wa nani. Nikasema wangu. Akauliza nani aliniagiza. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, kabla ya kaguzi mbili zilizopita, alisema nihakikishe maktaba inaonekana hai.

"Nilisema ionekane hai," akajibu. "Sikukutuma ugonge uongo."

Hapo alikuwa sahihi, na alijua kwamba najua. Nilikuwa nimewapa wakubwa wawili kitu wasichohitaji kukiomba kwa jina lake. Aliinuka akasema Jumatatu anataka vitabu vyote rafuni, na kama mgongo wangu umechoka atatuma vijana wa bustani wavipange. Kuhusu ule uthibitisho, nifikirie mwenyewe.

Nilifikiri. Nilifikiri muda wa kufunga madirisha manane.

Kuna kanuni ambayo wengi hawaijui kwa sababu haijawahi kuwasaidia. Kitabu hakihesabiwi kwa kukaa rafuni. Kinahesabiwa kwa kuwa kwenye daftari. Kikishafutwa humo, na sababu ikaandikwa na saini ikawekwa, hata ukikirudisha rafuni ni karatasi tu, kama gazeti la kufungia karanga. Na anayefuta ni mtunza maktaba, vyovyote anavyoitwa kwenye orodha ya watumishi.

Siku ya Ijumaa na Jumamosi niliketi na daftari, rula na kalamu nyekundu. Mstari, neno "kimeondolewa", sababu, saini. Uongo. Kimepitwa. Hakisomeki. Hakituhusu. Mara elfu tatu mia nane hamsini na mbili. Mlinzi wa geti aliniletea chai akaniuliza naandika nini kwa hasira hivyo. Nikamwambia naandika kwa furaha, ndiyo uso wangu ulivyo.

Jumapili nilimweleza mke wangu. Nilitaka kumweleza tangu Alhamisi, nikawa naahirisha. Tumeishi miaka arobaini na mmoja na ulimi wake haujapata kutu. Alisema kichwa changu kingekuwa jiwe la kawaida tungelijengea msingi wa ghorofa. Alisema mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ni yeye, na janga hili hakulipanda. Alinikumbusha ile barua ya pongezi juu ya redio. Nilimwambia ndiyo hiyo hiyo, ilipatikana kwa mihuri hiyo. Akainuka, akaitoa ukutani, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaiweka mezani, imelala kifudifudi.

"Na yule mtoto? Mkono unaendeleaje?"

"Kidonda kimefunga. Vidole viwili vimepinda."

"Vya mkono wa kuandikia?"

"Ndiyo."

Alitazama nje kidogo. "Basi andika," akasema. "Lakini usijifanye mtakatifu humo ndani. Andika kama mtu aliyekosa."

Ndivyo nilivyoandika. Nilitupa rasimu mbili, ya kwanza kwa kuwa ilijitetea, ya pili kwa kuwa ililia. Ya tatu ilikuwa kurasa mbili, na sehemu yake kubwa ilisema hivi:

"Idadi halisi ya vitabu katika maktaba ya shule hii ni elfu mbili mia mbili themanini na nane. Idadi zilizoletwa kwenu miaka iliyopita hazikuwa za kweli, na taarifa za uazimaji hazikuwa za kweli kabisa. Mihuri ya tarehe iligongwa kabla ya kila ukaguzi ili vitabu vionekane vimesomwa. Niligonga mimi. Mwaka huu mwanafunzi mmoja ameumia kwa kuiamini. Vitabu vilivyoondolewa vimefutwa kwenye daftari, kila kimoja na sababu yake, njooni mvione. Naambatisha maombi mia tatu na kumi na moja ya wanafunzi ambayo hayakupatiwa kitabu. Mkitaka kutupa madarasa ya juu, msitazame rafu zetu zina nini. Tazameni watoto hawa wanauliza nini, kisha mseme kama hawayastahili. Mkitaka kuniadhibu, sitajificha. Ila naomba kipimo cha mihuri kifutwe katika shule zote, kwa sababu sidhani kwamba mimi peke yangu nina muhuri."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, niliipeleka kwa Mkuu. Barua ya mtumishi kwenda Ofisi ya Elimu hupitia kwa mkuu wake. Ndio utaratibu, na mimi si mtu wa kupita dirishani. Juu niliandika "Kupitia kwa Mkuu wa Shule" na kuacha nafasi ya saini yake. Aliisoma amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akaisoma tena. Nje, vijana wa bustani walikuwa wamekaa ukutani wakingoja kuambiwa wabebe vitabu.

Niliweka daftari mezani, nikalifungua. Alipeperusha kurasa, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Akalifunga.

"Sitatia saini," akasema.

"Sikutegemea."

"Wataniuliza na mimi."

"Watakuuliza, Mwalimu. Uwaambie kuhusu wale ishirini na wanane wanaoinamisha vichwa sokoni. Katika hilo hujadanganya."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kuamua kama ametukanwa au amesaidiwa. Akanisogezea barua juu ya meza kwa kidole kimoja. Hakuichana. Angeweza, na nakala nyingine nilikuwa nayo mfukoni, lakini hakuichana. Alikwenda dirishani akawaambia wale vijana warudi bustanini.

Nilichukua kalamu yangu. Katika ile nafasi ya saini niliandika: "Amesoma. Hakutia saini." Nikaweka tarehe na saa. Nikakunja kurasa mara tatu, nikaambatisha orodha ya maombi, nikatia kwenye bahasha kubwa ya kaki. Gundi ya ofisi yake ilikuwa palepale mezani, nikaomba, akasema tumia. Nilipaka ukingo wote, nikaukandamiza kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, kama ninavyofanya nikibandika jalada, mpaka pasiwe na pa kuingiza ukucha.

Posta iko mwendo wa robo saa. Sikukimbia wala sikusitasita. Karani wa dirisha la barua za rejista alipima bahasha, akageuza, akaniuliza ndani kuna kitu cha kuvunjika. Nikamwambia hapana, kilichokuwa cha kuvunjika kimeshavunjika. Hakuelewa, akanipa fomu. Nilijaza anwani yangu kamili, nyumba na mtaa, ili wakinitaka wasihangaike kunitafuta, nikatia saini. Aliipitisha bahasha nyuma kwa mwenzake, naye akaitia kwenye gunia la barua za asubuhi, akakaza kamba, akalitoa kwenda kwenye gari.